Arobaini ya Pili

Asubuhi ile Mama alikwenda kuchokoa pweza, mimi nikaachiwa mtoto. Ilikuwa Julai 1996, siku za bamvua, bahari ya Songo Songo inapopwa mpaka mwamba wote unabaki wazi mnamo saa nne, na wanawake wa kisiwa wanateremka na vijiti vyao na vikapu. Nilikuwa na miaka 12. Mdogo wangu, kitinda mimba wa nyumba yetu, alikuwa na miezi 9. Alikuwa ameanza kukaa bila kuegemezwa, na akiisikia sauti ya Mama nje ya ua aligeuka mwili mzima kuitafuta, mara nyingine mpaka akaanguka. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ninalolikumbuka kuliko yote: alikuwa akigeuka.

Siku hiyo alikuwa wa moto. Hakutaka uji, na Mama aliporudi hakutaka ziwa. Kilichonishangaza mimi ni kitu kingine, na sikumwambia mtu kwa sababu sikujua kuwa ni kitu cha kusema. Kila nilipombeba alizidi kulia; nikimlaza chini kwenye mkeka, ananyamaza. Nilikuwa nimebeba watoto wengi wa mtaa, na wote walikuwa kinyume chake. Kilio chenyewe kilikuwa chembamba, kimekaza. Leo mzazi akiniambia wodini kwamba mtoto wake analia zaidi akibebwa, naacha ninalolifanya namwendea, kwa kuwa nafahamu maana yake: utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo umewaka, na kila mtikisiko unauvuta. Wakati ule nilidhani mtoto amenichukia.

Mama alimpeleka zahanati mchana. Alipewa klorokwini ya maji na dawa ya kushusha homa. Sioni kosa katika hilo. Kisiwa chetu kina urefu wa kilomita zipatazo nne tu, na kila nyumba ilikuwa na mtu aliyetoka kuugua malaria, anayeugua, au atakayeugua. Homa ilikuwa malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na hapakuwa na cha kuthibitishia.

Usiku wa pili macho yalimpinduka. Mkono wa kushoto ukaanza kuruka, kisha mguu, kisha mwili wote ukakaza kama ubao. Bibi, mama yake Baba, aliyekuwa amelala chumba cha pili, alikuja na kibatari, akamtazama mara moja tu.

"Dege," akasema.

Kwa msomaji wa mbali na pwani, degedege ni jina la kitu mtoto anachofanya na pia la kitu kinachomfanya. Ni mtukutiko, na ni ndege, au kivuli cha ndege, apitaye juu ya mtoto. Bibi alikuwa na dawa yake: mavi ya tembo makavu aliyoletewa kutoka bara, maana kisiwani hakuna tembo, akiyatunza ndani ya kopo la maziwa juu ya mwamba wa nyumba. Aliyaweka kwenye kigae chenye makaa, akamfunika mtoto na Mama chini ya kaniki moja, akawafukiza. Moshi ule naukumbuka mpaka leo, mkali na wenye harufu ya majani. Mtukutiko ulikoma, kama inavyokuwa mara nyingi baada ya dakika chache, na Bibi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu akatoa amri niliyokuwa nimeisikia tangu utotoni.

"Asipigwe sindano. Mtoto wa dege hapigwi sindano. Ukimchoma, umemwua."

Nimekutana na watu, baadhi yao wenzangu wa kazi, wanaolisimulia jambo hili kama ujinga wa vijijini. Siwezi kumweka Bibi humo. Alikuwa ameona kwa macho yake watoto wawili waliodungwa wakiwa katika degedege na wakakata roho kabla jua halijatua. Alichoona alikiona kweli. Watoto wale walipelekwa wakiwa wamefika mwisho, baada ya siku tatu nne za kuhangaika, na sindano ikawa jambo la mwisho walilofanyiwa. Jambo la mwisho ndilo linalobaki machoni mwa aliyefiwa. Kama Bibi angewaona watoto waliodungwa siku ya kwanza, amri yake ingekuwa nyingine. Lakini hakuna aliyempeleka mtoto wa dege kudungwa siku ya kwanza, kwa sababu ya amri ile ile.

Siku ya tatu hakufungua macho vizuri. Alikuwa kama aliyelala usingizi wa mchana usiokwisha. Jioni, Bibi mwenyewe ndiye aliyegundua. Alikuwa akimpaka mafuta kichwani, mkono ukasita. Akamwita Mama.

"Njoo uguse hapa."

Utosi ulikuwa umetuna. Pale ambapo kwa mtoto wa umri ule kidole huzama kidogo na kuhisi mapigo, palikuwa pameinuka na kukaza kama ngozi ya ngoma iliyoanikwa motoni. Bibi alikuwa amelea watoto tisa na wajukuu asiowahesabu. Utosi uliobonyea aliufahamu. Ni wa mtoto aliyeharisha. Uliotuna hakuwa na jina lake. Alikaa kimya, na katika kimya kile Mama akamfunga mtoto mgongoni, mimi nikashika kibatari, tukaenda zahanati gizani, Bibi nyuma yetu.

Daktari wetu (cheo chake halisi kilikuwa cha chini ya hapo, lakini kisiwani aliyetibu ni daktari) alikuwa akila. Alinawa, akamlaza mtoto juu ya meza, akaweka kiganja chini ya kisogo na kujaribu kuinamisha kidevu kuelekea kifuani. Shingo haikukubali, mwili wote uliinuka pamoja nayo. Akagusa utosi. Hakusema neno kwa muda, kisha akazungumza na Bibi kwanza, kwa heshima.

"Shikamoo, Bibi. Huyu si wa dege. Hii naogopa ni homa ya uti wa mgongo. Nataka nimchome sasa hivi, kabla hamjaondoka."

"Marahaba. Hapigwi sindano, mwanangu. Muulize yeyote hapa."

"Nikimwacha mpaka afike hospitali, atafika na nini?"

Walitazamana watu wazima wawili, kila mmoja akiwa na wafu wake nyuma yake. Baba alikuwa dago, kambi ya wavuvi, upande wa Okuza, na habari isingemfikia kabla ya kesho. Mama alikuwa mkwe. Katika nyumba ile sikuwa nimewahi kumwona akimkatiza Bibi, wala sikumwona tena baada ya hapo.

"Mpige, Daktari," akasema.

Alivunja kichupa, akachanganya unga na maji, akavuta. Kloramfenikoli pajani, penisilini paja la pili. Mtoto alilia kidogo mno, na hilo ndilo lililomtisha Daktari kuliko utosi. Kisha akaandika barua ya rufaa, na chini yake akaandika saa aliyochoma: saa 2 usiku. Akaipigia mstari. Nilikuwa nimesimama karibu na taa, nikauona mkono wake ukirudia ule mstari mara mbili.

Tungeondoka muda ule ule, lakini ulikuwa msimu wa kusi, na kusi la Julai halina mzaha usiku katikati ya vipwa na miamba ya visiwa vyetu. Boti za mashine zilikuwa za kuhesabu, na usiku ule hapakuwa na iliyo tayari. Mjomba alikuwa na mashua. Yeye na Mama walibishana kidogo ufukweni. Mama alitaka Kilwa Kivinje moja kwa moja, kwa kuwa hospitali ya wilaya iko huko. Mjomba alionyesha kwa mkono kulikotoka upepo.

"Kivinje ni bisho tupu, dada. Tutapiga mikambi kutwa nzima na tutalala baharini. Twende Somanga, tanga wazi, halafu tupande gari."

Ilikuwa kwenda mbali na hospitali ili kuifikia haraka. Tuling'oa nanga saa kumi na moja alfajiri, maji yakiwa yanakaribia kujaa. Mnara wa taa wa Fanjove ulikuwa nyuma yetu. Mama alikaa kwenye ubao wa katikati na mtoto amelazwa mapajani, kwa kuwa alikuwa amekwisha gundua nililogundua mimi: akibebwa analia. Kazi yangu ilikuwa kufua maji ngamani. Nilifua kwa bidii kama vile kila kata ya maji niliyoyatupa ilikuwa inatusogeza. Mjomba hakuzungumza ila na demani. Mara mbili mtoto alitukutika, na mara zote mbili Mama alimgeuza ubavu na kumfuta povu kwa pembe ya kanga, akitazama mbele, kulikokuwa kunatokeza mikoko ya bara kama mstari wa wino.

Tulifika Somanga maji yakiwa yametoka. Mashua ilikwama mbali na nchi kavu, tukateremka kwenye tope linalofika magotini, Mjomba akiwa amempakata mtoto juu ya kifua chake, hatua kwa hatua, kama mtu aliyebeba bakuli la mafuta. Barabara ya kusini haikuwa na lami wakati ule, na Daraja la Mkapa lilikuwa halijajengwa. Magari yote ya Dar es Salaam yalisubiri kivuko cha Ndundu kwenye Mto Rufiji, kwa hiyo yalikuja kwa makundi, kisha kimya cha saa nyingi. Tulikuta kimya. Lori la chumvi lilitupakia baada ya adhuhuri. Nangurukuru, kisha Kivinje. Tulipoingia lango la hospitali ambayo watu wetu huiita Kinyonga tu, muuguzi aliyepokea barua aliusoma ule mstari, akatazama saa ya mkononi mwake, akakimbia. Ilikuwa saa 10 alasiri. Tangu sindano ya kwanza zilikuwa zimepita saa 20, na mtoto yule alipaswa kuwa amepata tatu zaidi.

Walimkunja ubavu, goti likigusa paji la uso, mgongo umepinda kama kamba wa baharini. Walitaka kuchukua maji ya uti wa mgongo. Mama alikuwa amesikia, kama kila mtu pwani alivyosikia, kwamba maji hayo yakitolewa mtu anapooza au anakufa. Daktari wa wodi alimweleza kwa maneno machache: sindano inaingia chini kabisa, mahali ambapo uti wenyewe umekwisha, na yanatoka matone tu. Mama alimwitikia kwa kichwa. Nilikuwa dirishani. Niliona matone yakidondoka katika kichupa, na daktari akikiinua kwenye mwanga. Maji ya mgongo wa mtu mwenye afya ni maangavu kama ya chemchemi. Yale yalikuwa kama maji yaliyooshewa mchele.

Ndipo zilipoanza siku kumi ninazotaka kuzisimulia, maana ndizo zilizonifanya niwe nilivyo.

Dawa zilikuwa zile zile mbili, kloramfenikoli na penisilini, sasa kwa kupitia kisindano kilichobakishwa kwenye mshipa, nyuma ya kiganja, kimefungwa plasta juu ya kipande cha boksi ili mkono usikunjike. Aliongezewa kwinini, kwa sababu malaria nayo haikuweza kuondolewa shakani, na dawa ya kuzuia mtukutiko. Penisilini na kloramfenikoli kila baada ya saa 6. Muuguzi alimwambia Mama saa zake: kumi na mbili asubuhi, sita mchana, kumi na mbili jioni, sita usiku. Mara nne kwa siku, kwa siku kumi.

Mama hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini hesabu hiyo aliifanya palepale. "Arobaini," akasema. Alikaa kitako pembeni ya kitanda. "Nimeshamtolea arobaini yake huyu. Basi namhesabia nyingine." Arobaini ya kwanza ilikuwa ya uzazi, alipokaa ndani na kichanga chake mpaka siku zikatimia, akatoka. Mtu akifa pia anahesabiwa arobaini. Mama hakuitaja ile ya tatu, ila nadhani sote wodini tuliisikia. Alifunga fundo katika uzi wa kanga kwa kila sindano. Fundo la arobaini liko mpaka leo, kanga yenyewe imechakaa ikawa tambara.

Mimi sikuhesabu kwa mafundo. Mimi ni mtoto wa kisiwa, na saa sita kwangu ilikuwa bahari. Maji hujaa kwa saa sita, hupwa kwa saa sita. Siku ya kwanza nilikwenda ufukweni, chini ya mivinje, nikaona kwamba sindano ya saa kumi na mbili inaangukia maji yakiwa yamejaa, na ya saa sita yakiwa yamepwa, tope la Kivinje likienda mbali mpaka majahazi yamelala ubavu. Nikafurahi, nikadhani hospitali nayo imepangwa na bahari. Lakini bahari huchelewa, kila siku karibu saa nzima. Siku ya tatu maji yalikuwa bado yanapanda muuguzi alipopita na sinia lake. Siku ya saba mambo yalikuwa yamegeuka kabisa. Saa ya maji kujaa yalikuwa yamepwa. Muuguzi hakuchelewa hata siku moja. Niliwaza sana juu ya hilo. Kilikuwa kitu cha kwanza maishani mwangu nilichokiona kikishika saa yake bila kuifuata bahari.

Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwa nini. Mwaka 2005 nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi Dar es Salaam, na nikisoma usiku, sehemu ya umeme wa taa yangu ilitokana na gesi ya kisiwani kwetu. Gesi iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974. Nilikua nikiyaona mabomba ya visima yamesimama yamefungwa, tukicheza kandokando yake. Mwaka 2004 ikaanza kusafiri, kwa bomba la kilomita 25 chini ya bahari hadi Somanga Funga, halafu zaidi ya kilomita 200 nchi kavu hadi Ubungo. Ilipita njia tuliyopita sisi na Mjomba. Kwa mwanga huo nilisoma kwamba ubongo una ukuta wake, na dawa nyingi zinazotembea katika damu haziruhusiwi kupita. Kloramfenikoli, iliyopatikana mwaka 1947 kutoka kwa kijidudu cha udongo wa Venezuela, hupita kwa wepesi, ingawa ina hatari zake kwa damu ya mgonjwa. Penisilini hupita kwa shida. Hupata njia kwa vile ukuta umewaka na kulegea. Ugonjwa ukianza kupoa, ukuta unajifunga tena. Kwa hiyo dozi haipunguzwi mtoto anapoanza kutabasamu. Na mwili unaitupa dawa hizi nje haraka. Ukiruka saa moja iliyopangwa, waliobaki hai miongoni mwa bakteria wanaanza kuzaana upya katika maji yale ambayo hayana askari wa kutosha. Niliposoma hapo nilifunga kitabu. Nilikuwa naziona zile saa 20 zikipita kwenye tope la Somanga.

Fundo la kumi na moja alifungua macho akamtazama Mama. Fundo la kumi na nne alinyonya. Utosi ulishuka taratibu, na Mama alikuwa akiugusa kila asubuhi kwa ncha ya kidole, kama mtu anayejaribu kama wali umeiva. Kuanzia siku ya sita mtoto alikuwa akicheza na plasta yake, na wanawake wengine wodini wakamwambia Mama aombe ruhusa arudi nyumbani. Mtoto amepona, watoto wengine wanamngoja kisiwani, na kusi litazidi. Alikataa. "Sijamaliza arobaini," akajibu, na hakuna mwanamke wa pwani atakayebishana na neno hilo. Nimewahi kuona, katika kazi yangu, mtoto aliyeondolewa siku ya sita akirudishwa siku ya kumi na mbili. Hakuwa na Mama yangu.

Tulirudi kisiwani mwishoni mwa mwezi. Bibi alitupokea ufukweni, akamchukua mtoto, akampapasa kichwa. Akaniuliza mimi, si Mama, alidungwa mara ngapi. Nikamwambia. Alinyamaza mpaka tukafika nyumbani, kisha akalitoa lile kopo la maziwa na kulipeleka nyuma ya nyumba. Sikuuliza alilifanyia nini. Ila najua kwamba tangu mwaka ule alikuwa wa kwanza kuwaambia wazazi vijana waguse utosi.

Miaka ile baruti za kuvulia samaki zilikuwa zinapigwa baharini kwetu bila woga. Mlipuko mmoja ukiwa karibu ulitikisa mpaka vyombo vya udongo, na watoto wachanga wote wa mtaa walianza kulia kwa pamoja. Mwanzoni mwa kaskazi, Novemba, tulikuwa uani tukikuna nazi. Ilipigwa moja nyuma ya mwamba, kubwa. Mtoto wa jirani aliruka akalia. Kuku walitawanyika. Mdogo wangu alikuwa kati yetu, ameshika kifuu, anakigonga juu ya jiwe. Aliendelea kugonga. Mama alimtazama, akaweka nazi chini. Akamwita jina lake, kwa nyuma, kwa sauti ya kawaida. Akamwita tena. Kisha akapiga kelele.

Ugonjwa huu, hata ukishindwa, huondoka na kitu. Sikio la ndani limepakana na maji yale yale ya ubongo, na uharibifu wake mara nyingi hutokea mapema, siku za mwanzo kabisa. Nimejiuliza kama sindano ya siku ya kwanza ingemwachia masikio yake, na jibu la kweli ni kwamba pengine ingemwachia, pengine isingemwachia. Madaktari wamejaribu njia za kuyaokoa. Nchi tajiri zilikuwa zikiwapa watoto dawa za kutuliza uvimbe pamoja na antibiotiki. Zilipojaribiwa Blantyre, Malawi, kwa watoto karibu 600, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba kwa watoto wetu, wanaofika wamechelewa na wamedhoofu, hazikusaidia. Niliyasoma matokeo hayo mara nyingi, nikitafuta mahali yalipomtaja.

Dawa zenyewe zimebadilika. Bakteria wengi walijifunza kuihimili kloramfenikoli, na leo wodini kwangu tunaanza na seftriaksoni, mara moja au mbili kwa siku. Asili ya jamii yake ni maji ya bahari: mwaka 1945 daktari Giuseppe Brotzu, katika mji wa Cagliari kisiwani Sardinia, aliyachota pale mfereji wa maji machafu ulipokuwa ukimwaga, akakuta ndani yake ukungu unaoua bakteria. Nami nampenda mtu yule kwa kutazama maji ambayo wengine waliyaepuka. Na mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa nchi tano, Malawi ikiwamo, uliofuata watoto wapatao elfu moja: kwa wale waliokuwa na nafuu siku ya tano, siku tano za seftriaksoni zilitosha sawa na kumi. Sindano tano. Nilimpigia simu Mama nikamsomea. Akasema, "Na wao Mungu awape nguvu ya kuzimaliza hizo tano."

Mdogo wangu alisoma Shule ya Viziwi ya Buguruni, Dar es Salaam, akarudi na lugha kamili ya mikono, wakati sisi nyumbani tulikuwa na ishara zetu chache tulizozibuni wenyewe: samaki, njaa, Baba amerudi, upepo umegeuka. Ishara yetu ya dawa ni kidole gumba kikibonyeza nyuma ya kiganja. Mama ndiye aliyeianzisha, na wote tukaichukua. Hata baada ya Buguruni hakuiacha.

Mwaka 2019 nilikuwa likizo kisiwani wakati mtoto wake wa kwanza alipotimiza wiki sita. Tulikwenda zahanati pamoja, yeye, mkewe, Mama na mimi, na kadi ya kliniki ndani ya mfuko wa nailoni. Chanjo dhidi ya Hib, bakteria aliyekuwa akiongoza kwa homa hii kwa watoto wa umri ule, iliingia nchini mwaka 2009, ndani ya sindano moja yenye kinga tano. Ile ya nimonia, ambayo bakteria wake ndiye wa pili, ikafuata Januari 2013. Watoto wachache mno sasa wanaletwa wodini kwangu na utosi uliotuna. Muuguzi kijana alimchoma paja moja, kisha la pili. Mtoto alilia kwa nguvu zote, kilio kipana, cha hasira. Mdogo wangu alimtazama mdomo, kisha akanigusa bega. Akabonyeza gumba nyuma ya kiganja chake, akaonyesha paja la mtoto, akainua nyusi: mbona pale, na si hapa?

Kabla sijajibu, Mama aliushika mkono wake. Akaugeuza, akautazama kwa nyuma, kama anayetafuta kitu kilichodondoka. Kisha akaachia, akainua vidole vyake vyote kumi, akavifumba, akavifumbua, mara nne.

Mdogo wangu alihesabu pamoja naye. Akanigeukia, mwili mzima, kuniuliza ni arobaini ya nini.